Madokta wa Mseto

Kituo chetu cha utafiti pale chuoni kilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hata sisi wenyewe tulilikatisha njiani. Kwa Kiswahili tulikiita Kituo cha Utafiti Mseto. Kulikuwa na mwanahistoria, mwanasosholojia, mchumi, na mimi wa lugha, ili eti tufikiri pamoja. Huko kufikiri pamoja kulikuwa ni vikao tu, na vikao nilikuwa nimevichoka. Tuligombania jina la nani litangulie kwenye makala ambayo haijaandikwa, hadi chai inapoa.

Safari yetu ya Ugalla ilikuwa ya kuwauliza wakulima na wafugaji wanaishije pamoja. Tulimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, naye akatangaza alivyosikia: kesho wanakuja madokta wanne wa mseto. Sasa nchi hii nani asiyejua mseto? Ni dawa ya malaria.

Tukakuta akina mama wamejaa nje ya ofisi ya kijiji, watoto mgongoni. Mmoja alikuwa ametoka kwenye maboma ya wafugaji, ng'ambo ya msitu, tangu alfajiri. Mtoto wake alikuwa wa moto, shingo imelegea, na hakulia. Huko kutolia ndiko kulikonitisha.

"Shikamoo dokta. Nyie ndo wa mseto?"

"Marahaba mama. Lakini sisi sio madokta wa dawa. Ni wa vitabu."

Akanitazama kama mtu anayetaniwa msibani. "Sasa nyie mnatibu nini?"

Nikauliza ilipo zahanati.

Zahanati ya pale ilikuwa imeishiwa dawa. Gari letu lilikuwa moja. Mwanahistoria akasema wazee aliopanga kuwahoji wanamsubiri. Mchumi akakumbusha kwamba mafuta yanatosha kurudi Mpanda mara moja tu. Tukiondoka sasa, utafiti umekwisha.

"Basi umekwisha," nikasema, kwa hasira ya mtu aliyechoka, nikafungua mlango. Mwanasosholojia, ambaye vikaoni hanyamazi, alikuwa ameshaanza kushusha mabegi bila neno. Tukawapakia watoto waliozidiwa na mama zao. Mwanahistoria na mchumi wakabaki na wazee na mabegi.

Barabara ilikuwa mashimo matupu, na mbung'o walituuma hadi nje ya msitu. Njia nzima nililowesha kitambaa na kumpangusa yule mtoto, nikiomba alie.

Hospitalini Mpanda nesi akauliza nani kawaleta.

"Hawa hapa," yule mama akajibu, "madokta wa mseto."

Sikumsahihisha. Mtoto alichomwa sindano, akatundikiwa dripu. Jioni akalia, kilio cha njaa kabisa, na mama yake akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikatoka nje nikalia peke yangu.

Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda moja: kubadili jina la kituo, lisije likapotosha wananchi tena. Tuliijadili asubuhi nzima. Mwishowe wakaniomba mimi, mtu wa lugha, nitafute neno jingine ambalo halitampa mtu tumaini la kupona. Hawakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Nimetafuta. Maneno ya hivyo yapo mengi.