Baiskeli Iliyojaza Stoo ya Kituo

Polisi hawako chini ya mji. Jambo hilo nililisoma mara mbili katika kijitabu cha sheria ndogo za halmashauri, nilichokinunua Tororo siku niliyokwenda kutafuta springi za mizani, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Afande halipwi na mji, na akihamishwa mji hauulizwi. Lakini stoo ambamo kituo kimoja kidogo hapa Busia, upande wa Uganda, huweka vitu vya kesi ni jengo la mji. Mji ulijenga kuta na kuezeka mabati, na ulipowakabidhi polisi ufunguo ulijibakizia haki moja: kabla ya mnada wowote, kamati ya wananchi watatu inaingia, inaandika kila kitu na mahali kilipo, na orodha inasomwa kwa sauti mbele ya madiwani. Zaidi ya hapo mji hauna amri yoyote juu ya kituo.

Mimi ni fundi wa mizani. Niliingizwa katika kamati hiyo kwa sababu wafanyabiashara wa soko wamezoea kwamba sikadirii. Mwenyekiti wetu alikuwa mama muuza vitenge, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Mjumbe wa tatu alikuwa Hajji mmoja aliyewahi kuwa na malori mawili, sasa ana magoti mabovu na muda mwingi.

Asubuhi ya kazi yetu, mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya boksi lililokunjuliwa karibu na lango la kituo. Miguu yake ilipooza utotoni. Tulimjua wote, maana kwa miaka alikuwa akivusha mizigo mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, yenye sanduku kubwa nyuma. Wako wengi wanaofanya kazi hiyo, na watu wa forodha wa pande zote mbili wana desturi ya kutowapekua sana. Desturi hiyo haijaandikwa popote. Nimetafuta.

Mfanyabiashara mmoja aliitumia desturi vibaya. Alimpakilia maboksi aliyosema ni ya biskuti, kumbe ni pombe kali ya vifuko. Walikamatwa. Yule mfanyabiashara alikiri, akaadhibiwa, akaenda zake, pombe ikamwagwa, mama akaachiwa siku hiyohiyo. Baiskeli ikabaki stoo, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba itoke. Tangu hapo mama huyo, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa akibebwa mgongoni na dada yake hadi barabarani kuuza mayai ya kuchemsha. Sasa tangazo la mnada lilikuwa limebandikwa ukutani: baiskeli yake ingeuzwa Ijumaa, pamoja na masufuria na baiskeli nyingine saba.

"Afande," alimwambia sajini wa stoo tulipokuwa tunapita, "ulishaona wapi miguu ya mtu ikipigwa mnada?"

"Mama, mimi nilikuambia mara tatu. Leta risiti, unachukua kitu yako."

"Risiti ya nani? Aliyeitengeneza ni fundi wa kuchomelea, kule ng'ambo ya mpaka. Unamjua fundi wa kuchomelea anayetoa risiti?"

"Basi kitu haina mwenyewe."

"Haina mwenyewe! Na mimi niliyekamatwa juu yake nilikuwa nani, abiria?"

Sajini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya karatasi, kama watu wengi waliowahi kuulizwa maswali kwa sababu ya karatasi. Alitukaribisha vizuri: viti vya plastiki vya buluu kwa mwenyekiti na mimi, sofa kwa Hajji kwa ajili ya magoti yake, na chai ya maziwa kutoka birika kubwa. Nilifungua daftari la stoo, nikachukua orodha yangu yenye safu nne, nikaanza na namba ya kwanza.

Namba ya kwanza ilikuwa "viti vya plastiki, buluu, sita".

Niliinuka, nikakigeuza changu. Chini yake kilikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwa uzi, na namba ya kesi. Nilikaa tena, nikaandika katika safu ya mahali kilipo: *chini ya mjumbe*.

"Hiyo si lazima uandike, Mwalimu," alisema sajini. Wananiita Mwalimu kwa sababu ya daftari. Sijawahi kufundisha mtu.

"Kijitabu kinasema mahali kilipo."

Namba ya pili ilikuwa sofa. Niliandika: *chini ya Hajji*. Hajji alicheka hadi akamwagia chai suruali yake, na chai hiyo ilitoka katika namba ya tano, birika. Saa ya ukutani ilikuwa namba ya nane. Namba ya kumi na moja ilikuwa nyavu za macho madogo, zile zilizokatazwa, zilizokamatwa zikitoka Majanji, kule ziwani. Hizo tulizikuta uani zimefungwa kati ya nguzo mbili, na askari wawili waliokuwa zamu ya mchana wanacheza voliboli. Tulipofika mlangoni pa stoo nilimwomba sajini anishikie kufuli nisome namba yake, na ikawa ni namba ya kumi na nne, mali ya kesi ya wizi wa duka.

"Afande," alisema mwenyekiti kwa ile sauti yake ndogo, "stoo yako inalindwa na mshtakiwa?"

Hata askari wa voliboli walicheka. Sajini hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani madiwani waliokuwa na kinyongo na mkubwa wake, na akiisikia orodha yangu ikisomwa kwa sauti, safu kwa safu.

"Mwalimu, wewe unataka kunimaliza?"

Nilimweleza ukweli. Kijitabu kinakataza kitu cha kesi kutumika, lakini orodha haijafungwa mpaka tutie sahihi tatu. Kitu kitakachokuwa ndani ya stoo wakati huo, nitafuta nilichoandika na kuandika kimo ndani ya stoo. Sitaandika kilikuwa wapi asubuhi, kwa sababu safu hiyo haipo.

Sikuwahi kuona polisi wakifanya kazi kwa haraka namna ile. Viti viliingia. Saa iliingia, birika likaingia likiwa bado na moto. Nyavu zilikunjwa, zikaingia pamoja na kufuli. Lakini sofa ilifika mlangoni ikakwama, kwa sababu katikati ya stoo, kuanzia ukuta hadi ukuta, ilikaa baiskeli ya magurudumu matatu na sanduku lake. Walijaribu kuisimamisha baiskeli, ikagonga mabati ya dari. Walijaribu kuweka sofa juu yake. Sajini mwenyewe akapiga kelele kwamba mali ya kesi isivunjwe. Nilipima kwa futi yangu. Ilikosekana nafasi ya sentimeta arobaini.

"Toeni ile baiskeli ya mkono, sofa itaingia na mbuzi wa harusi juu yake," alisema yule mama kutoka langoni. Alikuwa amesogea karibu, boksi lake chini yake, akitazama kazi kama mtu aliyelipia kiti.

Mwenyekiti alimtazama sajini. Sajini alinitazama mimi. Nilifungua kijitabu na kumsomea kwamba asiye na risiti anaweza kutaja alama ya kitu ambayo haionekani kwa nje, na kamati ikiithibitisha, kitu kinatoka. Sajini alikuwa hajakisoma kifungu hicho. Sikumlaumu; kiko ukurasa wa mwisho, baada ya adhabu za kufuga nguruwe mjini.

"Haya, mama," alisema, sasa akiwa na hamu kuliko mtu yeyote. "Sema alama."

Mama alitazama baiskeli, akamtazama sajini, akaitazama kofia ya sajini. Mimi nilidhani amesahau, nikamsaidia: pengine kiungo cha mnyororo kilichobadilishwa? Pengine kitu fulani chini ya kiti?

"Mwalimu," alisema polepole, "wewe usinisaidie."

Ndipo nikaelewa, nikaona aibu. Mtu anayevusha mizigo miaka yote hiyo, na fundi wa kuchomelea asiyeandika risiti, wanaweza kuwekeana mahali chini ya kiti ambapo hapaonekani kwa nje. Akipataja mbele ya sajini, baiskeli itakuwa yake na kesi mpya itakuwa yake pia. Asipopataja, Ijumaa inamkuta kwenye mgongo wa dada yake.

"Sema tu," sajini alihimiza. Sofa ilikuwa bado imekwama mlangoni na askari wawili wameishikilia.

"Nitamwambia mwenyekiti. Sikioni."

"Kwa nini mwenyekiti peke yake?"

"Ni mambo ya wanawake, afande."

Sajini alitazama pembeni mara moja. Mwenyekiti aliinama, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akavua viatu, akapanda juu ya sofa na kuingia stoo. Tulisikia kitu cha chuma kikifunguka kwa mlio mdogo, kisha kikifungwa. Alitoka na vumbi kwenye viwiko, uso wake mkavu kama wa hakimu, na mfuko wake wa kitenge ukiwa mzito kidogo kuliko alipoingia.

"Ni yake," alisema.

"Alama gani?" aliuliza sajini.

"Imeonekana."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya safu ya nne. Nimeandika vipimo vya mizani kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuandika nisichokiona. Mama alikuwa anakiangalia kidole changu, si uso wangu. Niliandika: *Alama imethibitishwa na mwenyekiti*. Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Baiskeli ilitolewa, sofa ikaingia, ndipo nikatia sahihi, Hajji akatia, mwenyekiti akatia ya tatu.

Magurudumu yote matatu hayakuwa na upepo. Sajini, ambaye sofa yake ilikuwa hatimaye ndani na orodha yake safi, alifurahi kiasi kwamba aliisukuma mwenyewe hadi kwa mziba pancha, mama akiwa juu yake ameshika usukani. Wachuuzi waliinuka kutazama.

"Mama, wamekukamata tena?" mmoja aliuliza kwa Kisamia, na Hajji akanitafsiria.

"Hapana," alijibu kwa Kiswahili, ili sajini naye asikie. "Leo nimekamata mimi. Afande, kata kushoto hapo, kuna shimo."

Sajini akakata kushoto.