Mseti Aliyeoa Boti

Mnanisumbua. Kalamu niliishika mara ya mwisho kanisani, siku ya kuandika jina langu mbele ya padri, leo mnasema, bibi, kaa uandike ya Mseti. Kwani mwaloni, huko mitumbwi inakoshusha samaki, hakuna midomo? Wanaisimulia kila siku huko, tena wanacheka. Hilo ndilo linaloniuma, wanacheka. Basi naandika mimi. Asiyependa mwandiko wangu afumbe macho.

Mseti mwana wa Werema ni mtu wa Butiama. Ukimwona leo Musoma mwaloni, mrefu, mabega yameinama, anafungua injini za watu bila kusema neno, utadhani alizaliwa hivyo. Wapi! Alikuwaga na kelele huyo. Baba yao alikufa mapema, akamwacha yeye na dada yake Judith, na mama yao Wankyo, na jozi moja ya maksai wa kulimia. Watoto wawili hao ndio walilima shamba. Mseti, ndiye mdogo, anatangulia mbele na kamba, anavuta vichwa vya maksai. Judith yuko nyuma ameshika plau, gauni limefungwa kiunoni. Mseti anaimba, anatukana maksai, anaruka mashimo. Judith kimya, macho kwenye mstari. Wapita njia walikuwa wanasimama kutazama mistari ile, wanasema nyumba hii haitalala njaa.

Judith akaolewa Kisorya, kwa Gabriel, mtu mwenye nyavu na mitumbwi yake. Ng'ombe zikaja Butiama. Sasa niseme kwa mgeni asiyejua: kwetu ng'ombe za binti hazikai zizini kupendeza macho. Ni za ndugu yake. Anaoa nazo. Na mke atakayekuja kwa ng'ombe hizo ni wifi wa kweli wa yule dada. Dada akifika atatekewa maji ya kuoga na kupishwa kiti, maana bila yeye nyumba hiyo isingekuwepo. Na siku dada akishindwa na ndoa yake, ni ng'ombe hizo hizo zinazorudi kwa mumewe kumfungulia mlango. Ndiyo maana ndugu hawa wawili tunasema wamefungwa kamba moja. Mmoja akivuta, mwingine anasikia.

Wankyo alikuwa ameshamwonea mwanawe msichana wa Suguti, mtoto wa watu wa heshima. Mseti akasema, mama, nitakwenda nimtazame. Hakufika. Wakati huo alikuwa Musoma anajifunza ufundi wa injini, na siku moja aliitwa kutazama boti la hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa. Boti la faiba, jeupe, lenye chumba ndani: vitanda viwili, meza ya kukunja, dirisha la kioo na pazia lake. Lilikuwa limelala kwenye nyasi, kuku wanataga ndani. Mseti akafukuza kuku, akakaa kwenye kiti cha nahodha, akashika usukani. Basi. Habari za msichana wa Suguti hazikuulizwa tena.

Ng'ombe zilitoka Butiama asubuhi zikaishia mnadani. Wankyo alikaa chini palepale kwenye vumbi la zizi.

"Mwanangu, utalala na boti? Boti litakuzalia?"

"Mama, hili litabeba wageni, litabeba harusi. Litarudisha ng'ombe zote na ndama juu yake. Ndipo nioe. Vumilia kidogo."

Mwaloni wakampokea kwa vigelegele. Felisian, fundi mwenzake, mtu ambaye mdomo wake haujui kulala, akatandaza turubai mchangani kama anavyotandikiwa bibi harusi anaposhuka garini.

"Karibu shemeji! Jamani mpisheni shemeji, ametoka mbali, amechoka!"

Hata Judith alipoambiwa kwa simu alicheka. "Nisalimie wifi. Mwambie nasubiri maji yangu ya kuoga."

Lakini wifi alikuwa mgonjwa. Akienda polepole pua inatangatanga, kushoto, kulia, kushoto tena; Mseti akizungusha usukani kumrudisha, mwenyewe ameshakwenda kwingine. Wimbi likija kwa nyuma linamsukuma matako, anageuka ubavu. Ukimwongeza mafuta, pua inapanda juu mpaka nahodha anatazama mawingu. Harusi ya kwanza aliyoibeba, bwana harusi alitapika kwenye mapaja ya mshenga. Tangu siku hiyo boti likaitwa Mlevi.

"Mseti!" Felisian anapiga kelele mwalo mzima usikie. "Mkeo amekunywa tena! Mfunge kamba asije akalala barabarani!"

Mseti alikuwa mbishi, na mbishi hashindwi na kitu asichokiogopa. Akang'oa usukani wa waya uliokuwa umelegea, akafunga wa mafuta. Akashusha injini ili propela ishike maji vizuri. Kidogo lilitulia, halafu likarudia ulevi wake.

Hapo ndipo Judith alipopiga simu asicheke.

"Mdogo wangu, nimechoka."

"Umechoka na nini, dada?"

"Na mkono wa huyu mtu." Kuku wanasikika nyuma yake. "Nimewaambia wazee wa huku. Wamekubali kukaa kikao. Wamesema kwetu walete ng'ombe kabla pamba haijavunwa, nami nitarudi nyumbani na watoto wangu wawili. Wasipokuja, itahesabika kwetu wameniacha."

"Naliuza boti, dada. Nakuapia. Naliuza."

Na alikuwa anasema kweli, simtetei, ila kweli ni kweli. Alitangaza mpaka Bunda. Watu wakaja, wakaliendesha, wakashuka wanatikisa vichwa. Nani atanunua mlevi? Basi kulinyoosha boti kukawa ndiyo kumrudisha Judith. Lisiponyooka haliuziki, na lisipouzika dada atabaki Kisorya. Mseti alilijua hilo asubuhi na jioni.

Sasa tazama kosa la mtoto aliyekulia kwa ng'ombe. Mvuvi asingelifanya. Mseti amekua akivuta maksai kwa kichwa, kwa hiyo kwake kinachoyumba kichwa dawa yake iko kichwani. Akaokota mawe ya Musoma, yale mazito ya miambani, akajaza chini ya vitanda vya mbele. Betri akazipeleka mbele. Tangi la mafuta, mbele. Boti likainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Alipotoka nalo, wimbi la kwanza lilimwingilia dirishani, na matako ya boti yakaruka upande, likazunguka kama linacheza ngoma. Felisian alimvuta kwa mtumbwi akamrudisha, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Utakufa, ndugu yangu. Na shemeji atakuliliaje, hana hata machozi."

Jioni ile Judith akapiga tena. Mseti akamwambia habari ya mawe. Judith akacheka kile kicheko chake cha zamani, kifupi.

"Wewe hukuwahi kujua, eh? Ulikuwaga unavuta vichwa vya maksai, wao wanayumba, na wewe unazidi kuvuta. Mstari nilikuwa naunyoosha mimi huku nyuma. Kitu kinashikwa nyuma, mdogo wangu. Na kikiyumba kidogo kiache, kitarudi chenyewe. Wewe ulikuwa humwachi ng'ombe apumue."

"Dada! Ni kweli! Ni huko nyuma!"

"Ehe. Na mimi je, utanivuta lini?"

"Nakuja, dada, nakuja," akasema, na spana ilikuwa mkononi tayari. La boti alilisikia. Lile jingine lilipita.

Akatoa mawe yote. Betri na tangi akavirudisha katikati, chini kabisa. Akaenda Bunda, kwenye vyuma chakavu, akachonga bamba refu kama pezi la samaki, akalifunga kwa bolti chini ya boti, huko nyuma. Na mikono yake akaifundisha kutulia: pua ikienda kushoto, hesabu pumzi, usiikimbilie. Siku aliyolitoa, mwalo mzima ulisimama. Mlevi alipita kati ya mitumbwi ameshika mstari kama uzi uliovutwa. Felisian alivua kofia.

"Shemeji ameokoka," akasema.

Akaja Emanuel, mfanyabiashara wa Bunda. Akaliendesha mpaka mbali akarudi, hajashuka hata mguu mmoja akasema, "Hili ni langu. Nilichukue leo."

Mseti akafungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza mwenyewe. "Bado. Usukani haujakaa vizuri. Njoo nikimaliza."

Usukani ulikuwa umekaa. Alikuwa analiendesha kwa vidole viwili. Ila mtu aliyechekwa mwaka mzima, kitu chake kikimtii, kukitoa mkononi ni kama kutoa jino zima. Akajiambia, sasa limenyooka, litafanya kazi, litaleta ng'ombe lenyewe. Nitakuwa na dada, nitakuwa na boti. Alitaka vyote viwili. Na kazi kweli zikaja, wageni, harusi, wachungaji wa kwenda visiwani. Judith akipiga, anamwambia bado kidogo, dada. Pua bado inapanda nikienda kasi, nataka nitengeneze vibamba viwili vya nyuma, vya kuishusha. Akaenda tena Bunda kuvichonga. Barabarani malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni, pamba inamwagika pembeni, watoto wanaiokota. Mseti aliyapita. Aliyaona, na hakuyaona.

Simu za Kisorya zikanyamaza. Akasema moyoni, mambo yametulia.

Alipomaliza vile vibamba, boti likawa halina ila hata moja. Akalipaka rangi, akafua pazia, akasema nakwenda kumwonyesha dada, nitamleta Butiama kumsalimia mama. Akapita Majita, akashuka Kisorya mchana, ziwa shwari. Judith alikuwa ufukweni anageuza dagaa kwenye chanja. Alisimama akatazama boti likija moja kwa moja, halitikisi pua.

Mseti akaruka majini na suruali yake. "Dada! Umeona? Umeona linavyokuja?"

"Nimeona," Judith akasema. "Wifi yangu ni mzuri. Amenyooka."

Alikuwa anageuza dagaa kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa umebanwa ubavuni, umepinda kwenye kiwiko pasipopinda mkono wa mtu.

"Mkono una nini?"

"Uliungwa. Ndivyo ulivyoungika."

"Ni nani..."

"Unaniuliza ni nani, Mseti?"

Hakumwita mdogo wangu. Mseti akalisikia hilo kuliko yote.

"Pamba ilivunwa," Judith akasema, macho kwenye dagaa. "Wazee wakakaa. Nilivaa gauni la kanisani, nikakaa kwenye mkeka na watoto. Kila pikipiki ikilia nanyanyua kichwa. Jua likaegama. Halafu mzee mmoja akasema, kwao wamenyamaza. Wakainuka, wakala, wakaenda."

"Panda. Panda sasa hivi, tunaondoka."

"Watoto nao wako shule. Nikipanda bila ng'ombe nimetoroka, watoto wanabaki hapa. Ng'ombe zangu ziko wapi?" Akainua kidevu kuelekea boti. "Si ndizo hizo umekuja unaziendesha?"

Akamfungia dagaa kwenye mfuko, akitumia meno kuvuta fundo. "Za mama. Mwambie niko salama."

Kurudi, upepo ulikuwa nyuma, mawimbi yanafuata, yale yale yaliyokuwa yakiligeuza ubavu zamani. Boti halikujali. Lilishika mstari wake lenyewe, usukani hautaki kushikwa, na mikono ya Mseti ikakosa kazi. Akaitumia kufuta uso.

Alimwuzia Emanuel wiki ile ile. Akanunua ng'ombe, nzuri kuliko zile za kwanza, akazipakia kwenye lori mpaka Kisorya. Gabriel akamkaribisha vizuri, akamtolea chai na kiti.

"Shemeji, mimi nina mke," akasema kwa upole. "Kikao kilikwisha. Wazee siwezi kuwaita mara mbili kwa jambo moja. Rudisha ng'ombe zako nyumbani, zinateseka na jua."

Mseti akatazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi nusu, na mtu alikuwa nyuma yake, kivuli kinaonekana sakafuni. Hakutoka.

Ng'ombe ziko Butiama. Zimezaa. Wankyo anakamua, maziwa anawagawia majirani, yeye hayamshuki kooni. Hakuna mtu katika ukoo anayethubutu kumwambia Mseti sasa oa. Yeye yuko Musoma, anatengeneza injini za wengine, na boti lile jeupe likipita na harusi, watu wanaimba, yeye anainamia injini kama ana kitu cha kutafuta ndani yake. Felisian hamtanii tena. Vijana wapya ndio wanacheka, huyo hapo aliyeoa boti, na hawajui wanamcheka nani.

Nimemaliza, vidole vinauma. Sasa na wewe unilipe. Kama nyumba yako ilisimama kwa ng'ombe za dada yako, au kwa jasho lake lolote, inuka. Usimpigie simu, kwenye simu watu wanasemaga wako salama. Panda basi uende mpaka mlangoni kwake, mwombe maji ya kunywa, mtazame anavyokuletea. Kaa mpaka mumewe arudi, umwone na huyo. Halafu uje hapa kwangu Butiama unieleze ulichokikuta, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.