Siku Ng'onda Waliporudi Mwabungo

Aibu hii nimejaribu kuificha mwaka mzima, lakini kwa kuwa Mwabungo nzima inaijua, na mwenye duka huniita "Injinia wa Ng'onda" kabla hata hajanisalimia, sioni ninamficha nani tena.

Mimi ni mhandisi. Nilikuwa nimepata ufadhili wa mwaka mmoja, ule wanaopewa wahandisi ili utafiti wao utoke kwenye makaratasi uwe kifaa cha kutumiwa na watu, na kifaa changu kilikuwa sanduku la kukaushia samaki kwa jua, lenye kioo juu na feni ndogo pembeni, samaki asiguswe na nzi wala mchanga. Wafadhili walikuwa wanakuja kulitazama, na wakiridhika wangeniongezea mwaka wa pili nitengeneze masanduku kumi ya akina mama wa Mwabungo. Wasiporidhika, basi.

Asubuhi ya ugeni nikafungua sanduku. Mawingu yalikuwa yametanda siku mbili, samaki wangu bado laini. (Mtu mwenye akili angesema, "Wageni wetu, jua halikutoka," kisha angeketi.) Mimi nikawatoa, nikawatia ndooni, nikaifunika ndoo kwa koti langu na kuisukuma chini ya benchi, nikapanda bodaboda hadi soko la Msambweni ambako hakuna wa kunijua, nikanunua ng'onda, samaki waliopasuliwa na kukaushwa, wa kupendeza, nikaja kuwapanga sandukuni. Uamuzi wenyewe haukunichukua hata dakika mbili.

Wageni wakafika, mkuu wao mama mmoja mpole wa Nairobi, aliyewapa wazee shikamoo zao bila kukosea. Nikaeleza joto, nikaeleza upepo, nikafungua kioo. Akamgeukia Bi Mwanasha, anayekausha samaki tangu sijazaliwa na ambaye nilimwalika mwenyewe aje anisifu (alikuwa amevaa leso mpya, maskini), akamwuliza, "Mama, hawa unawaonaje?"

Bi Mwanasha akachukua mmoja, akamgeuza, akatazama mkia, akacheka kwa furaha ya kweli. "Lo! Huyu si wangu? Nimemuuza juzi kwa mchuuzi wa Msambweni. Amerudi nyumbani!"

Hapa niwaeleze jambo ambalo mimi, mtoto wa mkausha samaki, sikuwa na ruhusa ya kulisahau. Wanawake huanika kwenye chanja moja, kwa hiyo kila mmoja humkata samaki wake alama asichanganyike na wa mwenzake: huyu hukata ncha ya mkia, yule hutoboa shavu. Mamangu alikuwa akikata pezi la mgongoni. Nimekua nikiziona alama hizo kila siku, na katika michoro yangu yote sikuzichora hata mara moja.

Bado ningeweza kukiri. Badala yake nikasema, "Alama hufanana, Bi Mwanasha."

"Hufanana?" Furaha ikamtoka usoni. "Mwanangu, waniambia mimi siujui mkono wangu? Mwanasiti! Mejumaa! Njooni mtazame!"

Wakaja, wenzake wawili wa chanja moja. Wakawamwaga samaki wote mezani mbele ya wageni, wakawagawa kwa alama mafungu matatu, bila kelele, kama watu wanaopanga sahani. Fungu langu halikuwepo.

"Na wa sanduku wako wapi?" akauliza yule mama wa Nairobi, kwa upole. Afadhali angenifokea.

Nikaivuta ndoo. Bi Mwanasha akainama, akabonyeza mmoja kwa kidole gumba, akamnusa. "Hawa wazima. Hawana mchanga, hawana harufu. Wamebakisha jua la siku moja tu." Akanitazama. "Kwa nini ukawaficha?"

Barua ya wafadhili ilikuja baada ya wiki mbili: sanduku lenyewe laonekana lafaa, lakini vipimo vyangu vya miezi yote (vya kweli, wallahi, vyote) hawawezi kuviamini tena. Masanduku kumi yakafia hapo, na walioyakosa ni akina mama, si mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuitwa jina.

Sanduku moja lipo bado kwa Bi Mwanasha. Aliniambia nikitaka kuweka samaki wangu humo, nami nichague alama. Nimechagua tundu moja mkiani, na nimeapa kwamba samaki mwenye tundu hilo, akiwa mbichi, nitamwonyesha mbichi.