Mtani Alipoanza Kutuheshimu

Jumapili moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi katika jiji hili la Toronto, mwanangu, na wala hakukuwa na msiba siku ile. Tulikuwa tumetoka kanisani, watu wamejaa kwangu Flemingdon Park, ugali uko mezani, na mume wangu, Mzee Nyoni, akamwambia rafiki yake neno moja mbele ya wageni. Watu wakacheka sana. Nitakusimulia polepole, maana jambo hili ukiliharakisha linaonekana la kipuuzi, na mimi limeniachia uchungu ambao haujanitoka.

Rafiki yake huyo aliitwa Kihwele. Yeye ni Mhehe wa Iringa, sisi ni Wangoni wa Songea, na wewe uliyekulia huku pengine hujui maana yake. Mhehe na Mngoni ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukusema vibaya mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kihwele alikuwa anaanza akiwa bado mlangoni: "Wangoni, hamjambo? Mlikimbia kutoka kusini kabisa mwa Afrika mpaka miguu ikachoka, ndipo mkajidai mmefika." Mume wangu naye akipanda lifti na jirani yetu mwenye mbwa, alikuwa akimwambia kwa Kiingereza chake cha kubahatisha amfiche huyo mnyama, kuna Mhehe anakuja kula mchana. Jirani hakuelewa hata mara moja. Sisi mbavu hatuna.

Hao wawili walikuwa madereva wa lori moja. Walibeba vipuri vya magari kutoka huku kwenda Michigan na Ohio, mmoja akiwa kwenye usukani, mwenzake amelala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti. Redio haikuzimwa. Huko barabarani ndiko walikookota siasa za Marekani, hasa za wahafidhina, kwa sababu wahafidhina walikuwa wakisema maneno ambayo watu wetu wa kanisani huyapenda: familia, sala, mtu ale jasho lake, serikali isitie mkono mfukoni mwa watu. Kura ya Marekani hawakuwa nayo, wala hawakuwa na mjomba aliyekuwa nayo. Lakini walikishangilia kile chama cha wahafidhina kama watu wanavyoshangilia timu ya mpira, na kwa miaka mingi walikaa upande mmoja wa uwanja.

Kisha chama chenyewe kikapasuka ndani kwa ndani. Mrengo wa zamani ulitaka bidhaa zivuke mipaka bila kizuizi, na nchi rafiki zikishambuliwa zisaidiwe. Mrengo mpya ulitaka kila kinachotoka nje kitozwe ushuru, mipaka ifungwe kwa ukuta, na vita vya watu waachiwe wenyewe. Wakubwa wao wakaanza kuitana wasaliti, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye mhafidhina wa kweli. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Watangazaji wa redio walinenepa. Na ndani ya lori lile, mume wangu akabaki na wa zamani, Kihwele akaenda na wapya.

Usidhani walikuwa wajinga. Mume wangu alikulia kwenye miaka ile ya shida kwetu, alipokuwa akitumwa kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Ukimtajia kufunga mipaka ya biashara, alikuwa anasikia ile foleni. Kihwele, baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, mitumba ikajaa nchini, kiwanda kikafungwa, na mzee wa watu akafa akiwa bado anaamka kila asubuhi na kuvaa ovaroli yake kama anayekwenda kazini. Ukimtajia soko huria, alikuwa anamwona baba yake. Kila mmoja alikuwa na jeraha lake, mwanangu, na kila mmoja alikuwa amempata mtu mkubwa wa mbali anayelisemea. Laiti wangeonyeshana yale majeraha, yangeisha siku moja. Wao wakarushiana maneno ya redio.

Mwanzoni ilikuwa utani mtupu. "Mhehe anataka ukuta kwa sababu hajawahi kuruka hata kichuguu." "Mngoni anapenda mipaka wazi, asili yake mkimbizi." Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nawapakulia chakula, na mpakuaji huona nyuso. Nikaona kwamba siku hizi wakishacheka, hawatazamani.

Halafu ushuru ukaja kweli, si wa redioni tena. Vipuri vikapungua barabarani, kampuni ikapunguza madereva, na Kihwele akawa miongoni mwa walioambiwa wakae nyumbani. Mume wangu alibakishwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi zenyewe ndizo hizi zilizokuwa zikishangilia.

Basi Jumapili ile Kihwele alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa shati la kanisani, na hakusema lolote kuhusu kazi. Akaketi, akanawa, akamega tonge. Ndipo mume wangu akasema, watu wote wakisikia, "Karibu, mtani. Kula taratibu, maana ushuru wako umeshakula mzigo wako. Baba yako alilazwa njaa na mitumba, wewe umejilaza njaa kwa mdomo wako mwenyewe."

Wageni wakacheka, wakijua ni Mngoni na Mhehe wako kazini. Kihwele naye akatabasamu. Akarudisha tonge kwenye sahani, akanawa tena, akasimama. "Asante kwa chakula, kaka," akasema. "Shemeji, Mungu akubariki kwa mikono yako."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mume wangu kaka.

Nilipokuwa msichana, babu yangu alifariki kule Songea. Wahehe wakaja msibani, mmoja akajilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, mwingine akawa anaigiza kikohozi cha babu, kile kile kilichomuua. Mimi nilipandwa na hasira nikamrushia bonge la udongo. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mfiwa kuliko sisi sote, akanishika sikio akanipeleka pembeni. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mababu wa huyu na mababu zetu walichomana mikuki. Walipochoka kuzika watoto, wakakubaliana watukanane badala ya kuuana. Anayekuchezea msiba amekuja kukusaidia kuubeba. Wewe mwogope atakayekuja na adabu." Kisha akanipa sharti, na hili ulishike: "Mtani husema lolote, ila hasemi analoliamini. Siku akiliamini, ule ni mkuki."

Wageni walipoondoka nilimwambia mume wangu ampigie simu mwenzake. Akanijibu, "Ni utani tu, Mama Neema."

"Ulikuwa unamaanisha," nikamwambia.

Aliinuka kitini. Kisha akafungua redio.

Hakupiga. Kihwele naye hakuja Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Nikasikia amehamia mtaa wa St. James Town, anaendesha gari la kusambaza mikate. Kanisani walisalimiana vizuri mno. Mume wangu alikuwa akisema, akili zikimrudia huyo Mhehe atakuja mwenyewe. Alikuwa anaugua upweke, na alikuwa anauita msimamo.

Sasa sikiliza jambo lililonichoma zaidi. Siku moja nikaona kwenye televisheni wale wakubwa wawili wa kule Marekani, yule wa mrengo wa mume wangu na yule wa mrengo wa Kihwele, waliokuwa wameitana kila jina baya, wamesimama jukwaa moja wameshikana mikono juu. Mmoja anamsifu mwenzake. Mmoja amekwisha kuahidiwa cheo. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wenyewe walikuwa wanavuna. Nikamwita mume wangu aone. Alitazama mpaka mwisho akiwa amesimama, ameshika mlango, halafu akasema, "Wametuuza." Nikamwuliza, wewe ulikuwa wa nani hata wakuuze? Najuta kwamba nilimwuliza kwa ukali.

Moyo wake ulianza kumsumbua baada ya hapo. Alipokuwa amelazwa aliniambia mara kadhaa, "Yule Mhehe angekuwepo angesema Mngoni ameanza tena kukimbia." Nikasema nimwite? Akasema, "Atakuja na maua." Alikuwa anaogopa maua, mwanangu. Alikuwa anaijua dawa yake, na alikuwa anajua kwamba ameimwaga kwa mkono wake. Nilimpigia Kihwele bila ruhusa yake. Akapokea kwa upole, akasema, "Mpe pole nyingi, dada, tunamwombea." Kesho yake maua yakaletwa, na kadi. Mume wangu aligeukia ukutani.

Tulimzika majira ya baridi, udongo umeganda mpaka ukachimbwa kwa mashine. Binti yangu Neema na mumewe walinishika huku na huku. Watu wa kanisani waliimba vizuri. Na Kihwele alikuja. Alikuwa amevaa suti nyeusi na amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi katika baridi ile. Mimi sikuwa nasikiliza mahubiri. Nilikuwa namngoja yeye. Nilitamani aje mbele azuie jeneza, adai kuku, aseme Mngoni huyu anajifanya amekufa ili asilipe deni la mababu. Nilitamani kitu chochote kibaya kitoke kinywani mwake.

Ilipofika zamu ya kupeana mikono, akanishika kwa mikono yote miwili. "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikashindwa. Nikamwambia, "Mtani, leo una ruhusa. Huyu hawezi kukujibu. Sema lolote."

Kihwele alitazama lile shimo. Kinywa kilifunguka, nikaona kabisa neno likipanda, na midomo ikaanza kumcheza. Akakifunga. "Nilikuwa nayo mengi, shemeji," akasema. "Nilikuwa nikiyapanga hata kwenye gari la mikate. Nilipofika hapa yote yananiuma mimi." Akavaa kofia yake, akaenda zake kituo cha basi.

Mwanangu, sikukatazi siasa. Fuata chama unachotaka, cha huku au cha ng'ambo, na ukiwa na hoja itetee. Lakini usiokote tusi la mtu asiyekujua ukamtupie anayekujua. Ukitaka kumcheka rafiki yako, jichunguze kwanza kama humaanishi. Ukigundua unamaanisha, mwite pembeni umwambie polepole, na usimguse baba yake. Usijidanganye kwamba mkiwa chama kimoja, imani moja na lori moja ndio hamwezi kuumizana, maana adui hajui penye kidonda, mwenzako anapajua. Na ukiona mtu aliyezoea kukuchokoza ameanza kukuheshimu ghafla, usifurahi. Vaa viatu umfuate siku hiyo hiyo, hata kama ni yeye aliyekosa.

Mungu akupe mtu wa kukutania, akupe na akili ya kumtunza. Akujalie usamehewe ukiwa bado unasikia. Na siku yako ikifika, baada ya miaka mingi, asikose mtu mmoja wa kukuvunjia heshima kaburini. Nenda salama, mwanangu.