Mwenye Bakora Ndiye Msemaji

Mwalimu wa fasihi wa kina Ummu hawafundishi hadithi za Wagiriki wa kale bila bakora yake ya kuendea msikitini. Barazani kwa Wagiriki, husema akiizungusha, aliyeshika fimbo ndiye mwenye kusema, hata akimpinga mfalme. "Nipingeni!" huwahimiza, na bakora haimtoki mkononi.

Jana Ummu alichoka.

"Basi nipe bakora, mwalimu, nikupinge."

Mwalimu alikuna kidevu, akampa. Ummu akauliza mbona hadithini anayempinga mfalme huishia kupigwa kwa fimbo hiyo hiyo, na hapo maneno yakamtoka mfululizo. Kengele ya chakula ikalia, harufu ya wali wa nazi ikaingia dirishani. Hakuna aliyeinuka. Mwalimu alimeza mate, halafu taratibu akanyoosha kidole.

"Bado, mwalimu," alisema Ummu, akiizungusha bakora.