Fundi Kipepeo na Mshipa Mtoro

Haya yote ni kweli tupu. Likipatikana hata neno moja lililotiwa chumvi, mwandishi wa habari hii yuko tayari kudungwa sindano, tena ile nene.

Saa mbili asubuhi, wodi ya wanawake. Muuguzi ambaye wenzake humwita Fundi Kipepeo ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa bibi aliyetapika usiku kucha. Midomo ya bibi imekauka. Maji yasipoingia mwilini upesi, mambo yataharibika, na mishipa yake imejificha.

"Ana mshipa mtoro huyu," Fundi anamnong'oneza mwenzake. "Weka msumari kando, nipe kipepeo."

Bibi anafumbua jicho moja. "Msumari? Mwanangu, mimi kabati?"

"Si wewe, bibi. Wewe unapewa kipepeo."

"Hapo sawa."

Msumari ni sindano nene. Kipepeo ni nyembamba, ina mbawa mbili za plastiki. Mshipa mtoro ni ule unaoteleza ukiguswa.

Fundi anauning'iniza mkono wa bibi, anaufunika kwa kitambaa chenye uvuguvugu, anatulia. "Mshipa haukimbizwi, unakaribishwa," anasema.

Wodi hii ina sheria: ukikosa mara mbili, unamwachia mwenzako, bila kununa. Fundi anafumba macho, anapapasa, anachoma mara moja tu. Damu inachungulia. Dripu inaanza kudondoka. Mchana bibi anamgombeza mkwewe kwa chai isiyo na sukari.

Ni miaka kumi na minane sasa tangu aanze kazi hii. "Wa kwanza niliyetaka kumchoma alikuwa mchumba wangu," anacheka. "Alizimia kabla sijamgusa. Nikasema huyu ndiye, hawezi kukimbia."

Sasa anaanzisha darasa la wauguzi wapya, kwa mikono ya watu wa kujitolea. "Mkono wa mpira hausemi 'aii'," anasema.

Jana mwandishi alimsomea habari hii. Alipofika "mara moja tu", Fundi akamkatiza.

"Simama hapo hapo, mzee. Mara moja ipi? Ya kwanza nilikosa, na bibi akaniita jina lisilotajika!"

"Nilikuwa nanogesha tu, mwanangu."

"Wanafunzi wangu watasoma hiyo. Siku mmoja akikosa, atadhani hafai, aiache kazi. Andika nilikosa."

Imeandikwa: alikosa, akabadilisha sindano, akapata.

Darasa limefunguliwa leo. Kwenye kiti cha kwanza ameketi mwandishi, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Mbele yake mwanafunzi anavaa glavu.

"Fundi, nianze na kipepeo?"

"Aa, huyu aliomba msumari mwenyewe."