Baridi ya Baba

Baba yangu alijifunza kuzamia akiwa na miaka sitini na mbili, na mwalimu wake nilikuwa mimi, bintiye. Alikuwa amestaafu kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo kwake hakuna baridi duniani inayostahili kuitwa baridi.

Mwezi wa pili maji ya Dubai hubadilika, yakawa ya baridi. Sisi wenye asili ya Unguja, hata tuliozaliwa hapahapa mjini, Deira, baridi hiyo hutuingia mpaka mifupani. Ndipo baba hupenda kwenda kwenye meli yake. Anaiita yake. Ni meli ya mizigo iliyozama zamani, imekatikakatika, ubavu huku, bomba la moshi kule, na samaki wamejaa chumba cha injini kama wageni wa harusi. Naipenda meli ile kwa sababu ya uso wake anapoiona.

Mwaka juzi, tukiwa chini, niliona mikono yake inatetemeka. Nikamuuliza kwa ishara kama yuko sawa. Akajibu sawa, sawa, kwa kiburi kilekile. Kisha tochi ikamponyoka, ikabaki kuning'inia kwenye kamba yake.

Sheria ya kuzamia ni nyepesi: yeyote akitaka kupanda anainua kidole gumba, na mwenzake haruhusiwi kubisha wala kuuliza sababu. Mwalimu ni mimi, ningemwamuru tu. Lakini kwetu nani humwamuru baba yake? Na nilikuwa nimeogopa kwelikweli. Nikajikumbatia, nikajisugua mabega, nikajitia kutetemeka kana kwamba mwenye baridi ni mimi. Nikainua kidole gumba.

Akapanda nami papo hapo. Botini akanifunika taulo lake, meno yake mwenyewe yakigongana.

"Baridi kidogo hii yakushinda, mwanangu?"

"Nisamehe, baba."

Tangu hapo kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa habari za mwalimu asiyeweza baridi. Niliudhika, nikacheka pamoja na wageni.

Wiki iliyopita nilimpelekea nguo yake ya kuzamia, nimeshaiziba ilipopasuka. Akaipapasa, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mwaka huu sishuki. Nakuonea huruma na hiyo baridi yako, mama."

Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na bado kilicheza.

Nikamwambia ahsante, baba, maana kweli ilikuwa ikinitesa.